Staa bado yuko njiani, Mkata imeshapagawa!

Kijana wa mjini, wewe unayepanda basi la Tanga, Moshi au Arusha kila inapofika Idd au Krismasi, Mkata unaijua kwa kuchungulia dirishani. Unaona vibanda, unaona bodaboda wamepanga foleni, unaona njia inachepuka kwenda Handeni. Unanunua karanga, unadai chenji, dereva anapiga honi, safari inaendelea. Muda si mrefu uko Segera unagombea chipsi na mishkaki, Mkata umeshaisahau.

Pole yako. Maana siku ya sikukuu mambo yanayofanyika pale kwenye kiwanja cha wazi, nyuma ya hivyo vibanda, si mchezo.

Kwa wale ambao jiografia iliwapiga chenga: hii ni Mkata ya Handeni, mkoa wa Tanga, siyo ile ya Morogoro kule kwenye tambarare za kuelekea Mikumi. Hii iko kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, na hapo ndipo inapoanzia lami ya kwenda Handeni mjini, kilomita 54. Ukifika Handeni ukitaka kuendelea, kuna kilomita nyingine 65 mpaka Korogwe. Kwa hiyo mtu wa Kabuku, wa Handeni au hata wa Korogwe anaweza kuja mchana na familia yake, akala burudani, akarudi kulala kwake. Waandaaji wa shoo hilo wanalijua sana, ndiyo maana sikukuu ikikaribia nguzo za pale zinachakaa kwa mabango.

Nimeshahudhuria shoo za sikukuu za kila aina, za mjini kwenye viti vya plastiki na za barabarani kwenye vumbi, na leo nasema bila kumung'unya maneno. Anayelibeba tamasha la familia siyo yule ambaye sura yake imejaa kwenye bango. Ni wale ambao bango limewamaliza kwa mstari mmoja chini kabisa, herufi za kusoma kwa tochi: pia kutakuwa na ngoma, sarakasi na vichekesho. Hiyo "pia" ndiyo imenifanya nishike kalamu.

SAA NANE, JUA LIKO UTOSINI

Siku yenyewe huwa ni Idd Pili. Idd Mosi watu wanaswali, wanapiga pilau, wanatembeleana, na watoto wanapita nyumba hadi nyumba kudai mkono wa Idd. Ikifika Idd Pili zile sarafu zimeshajaa mfukoni na zinawasha. Basi kuanzia saa nane mchana utawaona wanamiminika kiwanjani: magauni ya kumeremeta, miwani ya plastiki ya rangi, saa za mkononi ambazo mshale wake haujawahi kutembea. Mama zao nyuma na madera, vichanga mgongoni. Bibi kabeba mkeka wake mwenyewe, hataki mchezo na viti vya kukodi. Pembeni kuna ashkrimu, ubuyu, miwa, mapulizo na yule jamaa wa kupiga picha.

Nilipokwenda mimi, wa kwanza kuingia uwanjani walikuwa wazee wa selo. Kwa asiyejua, selo ni ngoma ya Wazigua, wenyeji wa Handeni. Kabla ya kupigwa, ngoma ziliegeshwa kando ya moto wa nyasi kavu ili ngozi zikaze, maana ngozi ikilegea ngoma inalia kama debe la maziwa. Kwa kuwa Mkata ni mji wa barabarani, watoto wengi pale wazazi wao wametoka kwingine na Kizigua chenyewe hawakijui. Lakini goti halihitaji mkalimani. Ngoma ilipokolea, yule bibi wa mkeka akanyanyuka, akajifunga khanga ya kiunoni vizuri, akaingia kati. Kiwanja kikalipuka.

Na hapo hapo MC akatoa ishara ya kidole: muda umekwisha!

Baadaye nilimfuata mzee aliyekuwa anaongoza ngoma, nikampa shikamoo yangu, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akaniuliza naandikia gazeti gani. Nilipomtajia akasema hajawahi kuliona hata siku moja, lakini atamtuma kijana akalitafute. Kuhusu muda hakuficha. Alisema selo haiendi kwa saa ya MC, inataka ipande polepole mpaka wachezaji wenyewe wajisahau. Ukiipa dakika kumi, akasema, ni sawa na kuepua pilau mchele bado mbichi, halafu unawaambia wageni kwamba Wazigua hawajui kupika. Sikuwa na la kuongeza.

Wakafuata vijana wa sarakasi, wavulana watano na binti mmoja, wote wametoka Dar na basi la asubuhi. Kitu cha kwanza walichofanya watazamaji wengi hawakukiona, kwa sababu hakikuwa na muziki. Walipita uwanja mzima wameinama, wanaokota vizibo vya soda, miiba na vipande vya chupa. Godoro walikuwa nalo moja tu, limechoka hatari, wakalitandika pale ambapo mtu angeanguka kwa kichwa. Sehemu nyingine zote ni ardhi kavu.

Halafu wakaanza. Mmoja kasimama juu ya ubao uliowekwa juu ya bomba la mviringo, ubao unacheza kushoto kulia, yeye anazungusha sahani kwenye fimbo. Wawili wamepita kwenye pete inayowaka moto. Mwisho wakajenga mnara wa watu, wakubwa chini, na binti akapanda mgongo kwa mgongo, bega kwa bega, mpaka kileleni, akasimama kwa mguu mmoja. Mtoto aliyekuwa mbele yangu ashkrimu ilimyeyukia mkononi mpaka kwenye kiwiko, hana habari. Baba yake naye mdomo wazi. Niambie, ni staa gani wa Bongo Fleva anayeweza kumfanya mtoto wa miaka mitano asahau ashkrimu?

HAYA MAMBO YANA HISTORIA, MSHIKAJI

Usidhani kupinda mgongo huko kulianza jana kwenye simu. Mwaka 1965, enzi za Mwalimu Nyerere, vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi. Walikaa kule miaka minne. Waliporudi likaundwa kundi la taifa la sarakasi, wakati kundi la taifa la ngoma lilikuwepo tangu 1963. Makundi hayo baadaye yalivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Lakini ujuzi ulishasambaa mitaani. Kaka akamfundisha mdogo wake, mdogo akamfundisha jirani, mpaka leo ukipita ufukweni jioni Dar utakuta watoto wanapiga samasoti kwenye mchanga.

Na wazazi wenu waliokuwa vijana Dar miaka ya tisini waulizeni kuhusu vikundi vya sanaa. Muungano ya Norbert Chenga, TOT iliyoanzishwa 1992 chini ya Kapteni John Komba (alifariki 2015), DDC Kibisa na wengineo. Shoo moja ilikuwa kama sinia la futari, kila kitu kimo. Unaanza na ngoma za makabila, mara sarakasi, mara mazingaombwe, kichekesho, igizo la mama mkwe mkorofi, halafu taarab ndiyo inafunga, na hapo kina mama wanapanga foleni kwenda kutunza. TOT na Muungano walipokutana jukwaa moja ilikuwa patashika nguo kuchanika. Khadija Kopa huku, Nasma Khamis "Kidogo" kule, na kila mmoja ana wapambe wake walioapa kutohama. Watoto nao walikuwepo, maana onyesho lilianza mchana na sarakasi ilikuwa ya kwao.

Huo mpangilio mjini umebaki kwa mbali sana. Umehamia wapi? Umehamia kwenye viwanja kama cha Mkata. Ukitaka kuona shoo ya Dar ya 1995, panda basi uende Handeni.

Nyie mnaopenda vya majuu, hiki hapa cha majuu. Ramadhani Brothers, Fadhili na Ibrahim, Watanzania wenzetu wanaobebana kichwa kwa kichwa, mmoja chini, mwingine juu miguu hewani, walifika fainali ya America's Got Talent mwaka 2023 wakashika nafasi ya tano. Februari 2024 wakarudi kwenye America's Got Talent: Fantasy League na kuibuka washindi, zawadi dola 250,000. Marekani nzima ilisimama kupiga makofi. Siku ile mitandao ya Bongo ilijaa bendera na kila mtu akawa mtaalamu wa sarakasi. Sasa wale sita wa Mkata walioniacha hoi wanafanya kazi ya ukoo ule ule. Tofauti ni kwamba wao kabla ya kuruka lazima waokote vizibo.

TUZUNGUMZE MSHIKO

Hapa ndipo panaponiuma. Staa wa kwenye bango hatoki nyumbani kwake mpaka ameshikishwa advansi, na chumba cha gesti kimelipiwa, na gari limetumwa kumfuata. Safi, ni haki yake, hiyo ni kazi. Lakini wa ngoma, wa sarakasi na wa vichekesho wanaambiwa wasubiri mapato ya mlangoni. Kiingilio kikitosha watapata, kisipotosha itakuwa "tutaonana". Na kiwanja cha wazi mlango wake ni kamba na turubai, nusu ya watazamaji wamepanda kwenye miembe. Kiingilio kitatosha vipi?

Binti wa kileleni aliniambia kwamba sikukuu moja, mji mwingine kabisa, mwandaaji mmoja aliwagawia soda na nauli ya kurudi, basi. Mwenzao alikuwa ameteguka mkono siku ile ile. Bima hawana, mkataba hawana, kuna neno la mdomo tu na namba ya simu ambayo kesho yake haipatikani. Aliyasema haya huku anacheka, na mimi kile kicheko ndicho kilichonimaliza.

Wazee wa selo wao walikuwa na ahueni kidogo, maana kina mama waliwatuza pale pale, noti inabandikwa kwenye paji la uso wa mpigaji. Mzee alikiri kwamba za kutuzwa zilizidi posho aliyoahidiwa. Sasa hebu fikiria: dakika kumi zimeleta hizo. Angepewa saa nzima?

Mtaniambia bila staa watu hawaji. Nitakubali nusu. Sura ya staa inawavuta vijana wa pikipiki na mabinti wa saluni, hilo kweli. Lakini saa kumi jioni kiwanja kilikuwa kimeshajaa pomoni na staa mwenyewe bado yuko njiani, inasemekana Chalinze. Wale wote waliolipa kuanzia saa nane walikuwa wanamtazama nani? Mkoa wenyewe huu, wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mkoa aliozaliwa bibi yetu Shakila, yule wa Black Star na Lucky Star aliyetutoka 2016, haujawahi kuwa na shida ya burudani ya kuazima. Mwaka 2013 Handeni ilikuwa na tamasha lake la utamaduni, Handeni Kwetu, na huko ngoma za asili ndizo zilikuwa kitoweo chenyewe, siyo kachumbari. Inawezekana, jamani.

Kichekesho nacho kilifanya kazi yake. Jamaa mmoja kavaa suruali imekunjwa mguu mmoja, anatembea kama marehemu Mzee Majuto wa Tanga, yule aliyefariki Agosti 2018. Hajafungua mdomo, watu wameshaanguka. Watoto waliozaliwa juzi tu wanamjua Majuto kwa mwendo. Hapo ndipo nilipoamini kwamba kuna watu hawafi.

KWA NINI KIWANJA, SIYO UKUMBI

Kuna wajanja huwa wanauliza: kwa nini watoto wasipelekwe ukumbini wakacheza muziki kwa raha zao, kuliko kupigwa jua? Wenye kumbukumbu hawaulizi hivyo. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd, mjini Tabora, watoto walijazana kwenye disko toto ndani ya ukumbi. Hewa ikaisha, wakakanyagana. Karibu watoto 20 walikufa. Walitoka nyumbani na nguo mpya na hela za mkono wa Idd. Serikali ikapiga marufuku disko toto, na tangu hapo sikukuu ikikaribia makamanda wa polisi wa mikoa wamekuwa wakirudia tangazo lile lile, kwa sababu kila sikukuu kuna mtu anataka kujaribu tena. Disko toto haina gharama, bwana. Spika mbili, flashi moja, mlango mmoja wa kukusanyia hela.

Kiwanja cha wazi hakina mlango mmoja. Mtoto akichoka anamfuata bibi kwenye mkeka. Ukitokea mshtuko watu wanatawanyika pande zote nne. Lakini kiwanja kina sharti lake: hakiwezi kumshika mtoto kwa giza na taa za kuzunguka, maana ni mchana kweupe. Lazima pawe na mtu anayefanya kitu cha kutazamwa. Lazima binti apande kileleni, mzee apige ngoma, mcheshi akunje suruali. Wakikata tamaa hawa kwa kulipwa soda, waandaaji watarudi kwenye spika mbili na mlango mmoja. Hicho ndicho ninachokiogopa, wala sikioni kama kiko mbali.

Ninachotaka si kikubwa. Majina yao yaandikwe kwenye bango kwa herufi zinazosomeka. Walipwe kabla hawajaruka, hata kama ni kidogo. Selo ipewe muda wake ipande. Na sehemu ya watoto imalizike kabla ya magharibi, MC aitangaze, kina mama wabebe mikeka, halafu usiku uwe wa wakubwa. Maafisa utamaduni wanaotoa vibali wanaweza kuliweka hilo kwenye kibali. Nasema hivyo kwa sababu mkoa huu huu ndio wa baikoko, na wenye macho wanajua viuno vya baikoko vinavyozua mjadala. Wakubwa wakitaka kuvitazama saa tano usiku ni wao na nafsi zao. Ila nimeshuhudia mpangilio mbovu unaochanganya hivyo viuno na watoto wenye mapulizo, na hapo hakuna wa kumlaumu mchezaji, wa kulaumiwa ni aliyepanga ratiba.

Na staa? Alikuja. Saa tatu na nusu usiku, miwani myeusi gizani, mabaunsa wanne kwa kijiji kizima. Akaimba juu ya flashi, yaani sauti yake inatoka kwenye spika na yeye anaikimbiza kwa mdomo. Kwenye wimbo wa pili flashi ikakwama, kipaza sauti kikabaki mdomoni na sauti haipo. Vijana wa kwenye miembe wakaanza kuimba selo. Nakwambia kweli, waliimba selo! Wengine hata maneno hawayajui, wanapiga makofi tu na kuitikia. Staa akatabasamu kiaina mpaka fundi mitambo alipookoa jahazi.

Wale wa sarakasi hawakuyaona hayo. Walikuwa wameshaondoka saa kumi na mbili, godoro limefungwa juu ya Noah pamoja na pete ya moto, sita wamebanana nyuma. Idd Tatu walikuwa na shoo Korogwe, na walitaka kufika mapema wauone uwanja kukiwa bado kuna mwanga. Dereva alipowasha gari binti alichomoa kichwa dirishani akaniuliza kama nawajua watu wa Korogwe, na kama kiwanja cha kule kina majani.